Mtani Aliyekuja Matangani kwa Bi Somoe

Kama unataka hadithi ya kutungwa, nenda kwa mwingine. Mimi nakupa nililoliona kwa macho yangu haya mawili, nikiwa na akili timamu, sina homa, sijasinzia, tena nimemkumbatia kuku kifuani. Habari za kuku utazipata. Nikimaliza ukaniambia naongopa sitakugombeza, ila chai ya nyumba hii hutaionja tena.

Kwanza umjue bibi yangu, maana usipomjua yeye utadhani nakusimulia mambo ya mashetani. Jina lake Bi Somoe, mama yake mama yangu, Mngindo wa Liwale. Miaka ile ya Ujamaa ungeingia Kariakoo ukamuulizia Bi Somoe wa uji, hata mgeni mwenzako angekuelekeza. Alikaa pembeni mwa soko, pale mikokoteni ilipokuwa ikipakia mizigo, tangu alfajiri, na sufuria lake kubwa kalifunga gunia lisipoe. Uji wa pilipili manga na tangawizi. Ukiunywa, jasho linakutoka puani. Wachukuzi wa sokoni walikuwa hawabebi hata kiroba kabla hawajapita kwake. Sukari ikiadimika, na niamini iliadimika, alipika wa chumvi na ndimu na watu wakanywa wakaongeza vikombe. Ukija ule unga wa njano wa msaada ambao watu wote waliununia, yeye aliuchekecha, akauloweka, akaupika polepole mpaka ukasahau ulikotoka.

Mji huu aliuingia akiwa mjane kijana, mama yangu mgongoni. Watoto wengine wawili alikuwa ameshawazika hukohuko kusini. Liwale mpaka Lindi alitembea kwa miguu, na kutoka Lindi akaja kwa kudandia malori, leo kijiji hiki, kesho kile. Hakuwa na ndugu hapa. Alianza kwa kusombea watu maji, baadaye akapata sufuria, na kwa sufuria hilo alimsomesha mama, akamwoza, akanilea na mimi. Askari wa jiji walimfukuza pale sokoni sijui mara ngapi. Aliwanywesha uji huku akiwatukana, na wao wakanywa huku wakitukanwa.

Halafu kilipoanzishwa kisomo cha watu wazima, mtaani kwetu mtu wa kwanza kukaa kwenye benchi alikuwa yeye. Akajua kusoma. Basi hapo ikawa balaa. Alisoma kila kitu kwa sauti, vibao vya maduka, magunia, madebe ya mafuta. Kwenye foleni ya duka la kaya alisoma maandishi ya kanga za wanawake waliosimama mbele yake, akifuata herufi kwa kidole mgongoni mwa mtu, silabi moja moja, mpaka mwenye kanga anaruka. Watu walimcheka, yeye akaendelea. Siku balozi wa nyumba kumi alipomletea karatasi na wino aweke dole gumba, Bibi alimwambia wino akampake mkewe hina, yeye apewe kalamu. Nilikuwepo. Nikikumbuka anavyoandika jina lake, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo, hata leo kifua kinanijaa.

Jambo moja zaidi, halafu tunaingia msibani. Kikombe cha kwanza cha kila sufuria hakikuuzwa. Kilikuwa cha mama. Kila alfajiri kabla ya kwenda sokoni, Bibi alipita mlangoni kwetu, maana tulipanga nyumba moja Mtaa wa Narung'ombe, akasimama pale mpaka mama amalize. Mama mwenyewe mtu mzima, ana mume, ana mimi niliyekwisha kuanza kazi kiwanda cha nguo, na bado ananyweshwa uji na mama yake. Baba aliwatania sana. Bibi alimjibu kwamba mwenye wivu naye aende kwa mama yake.

Alifariki asubuhi moja palepale kwenye sufuria, bila kuugua. Wachukuzi walimleta nyumbani juu ya mkokoteni uliotandikwa magunia safi, na mbele yao barabara ilikuwa inafunguka yenyewe. Siku ya kumzika waliacha mizigo chini. Jeneza lilipokezwa mikononi kutoka Narung'ombe mpaka makaburini, kila mtu anataka japo aliguse, utafikiri anazikwa waziri. Mimi nililia, lakini nililia nimeinua kichwa.

Mama hakulia. Hilo ndilo lililotutisha. Alikuwa na mimba ya miezi minane, mimba iliyokuja baada ya kukata tamaa ya kumpata mtoto wa pili, na tangu jeneza lilipotoka alilala mkekani akageukia ukuta. Hataki kula, hataki maji, hasemi neno. Tukamletea chai, akafumba mdomo. Tukamletea wali, akageuza uso. Baba aliingia mara mbili kumbembeleza, mwanaume mzima akatoka anafuta macho. Siku ya pili mchana, Bi Mwanaidi, mpangaji mwenzetu ambaye ndiye mkunga wa mtaa, aliweka kiganja juu ya tumbo la mama akakaa nacho muda mrefu. Akanivuta pembeni. Alisema mtoto anacheza kwa shida, na mama midomo imeshakauka, kwa hiyo kesho asubuhi tutampeleka hospitali hata kwa kumbeba. Nikamuuliza, na asipokula mpaka kesho? Akaniwekea kijiko mkononi.

Sasa wewe ambaye kwenu hamna utani, nikueleze, la sivyo utatuona wehu. Sisi Wangindo na Wangoni ni watani. Kwenye msiba mtani hana adabu, tena hatakiwi kuwa nayo. Anavaa nguo za marehemu, anajipaka majivu au unga usoni, anaingia kwa wafiwa akimwigiza huyohuyo mnayemlilia, anavyotembea, anavyogomba, anavyokohoa, mpaka mcheke mtake msitake. Mashehe hukunja uso, lakini sijamwona hata mmoja aliyeondoka. Mtani wa Bibi alikuwa Mama Agatha, Mngoni wa Buguruni, mwanamke mwenye mdomo kuliko wote niliowahi kuwajua. Miaka nenda miaka rudi walikuwa wanabishana nani atamcheza mwenzake msibani. Bahati mbaya Bibi alipofariki Mama Agatha alikuwa shamba, Ruvu. Tulimtuma mtu akampe habari, na wafiwa wote, hata mashehe, tulikuwa tunamsubiri yeye.

Ilikuwa siku hiyohiyo ya pili, alasiri imeshapita na magharibi bado. Umeme haukuwepo, na taa ya chemli ilikuwa bado haijawashwa. Wanawake wamejaa mikekani, mimi nimepiga magoti kando ya mama na kijiko mkononi, nabembeleza ukuta. Tukasikia hodi kutoka uani. Na kabla mtu hajasema karibu, mwenye hodi alikuwa ameshaingia, vilevile alivyokuwa Bibi, ambaye hodi yake haikuwahi kusubiri jibu.

Alivaa zile kanga nyekundu za Bibi. Uso wote mweupe kwa unga. Bega la kulia limeshuka, kama la Bibi lilivyoshushwa na ile miaka ya sufuria. Chumba kizima kikaangua kicheko. Bi Mwanaidi akapiga makofi, akasema Mngoni huyo kafika. Na kwa nini tusicheke? Tulikuwa tunamsubiri mtani, na mtani kaja. Wewe ungefikiri nini?

Akaanza kazi. Alipita katikati ya wanawake akiwasukuma kwa goti, akamfokea mmoja kwa kukaa miguu imenyooka kama yuko kwake. Akainama nyuma ya mwingine, kidole mgongoni, akaanza kusoma kanga yake, silabi moja moja, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo. Watu walicheka mpaka wakashikana. Mimi mwenyewe nilicheka, kisha wazo likanigutusha. Mama Agatha hajui kusoma. Alikuwa akijisifu kwamba hajui. Nikajiambia labda kakariri, labda kafundishwa, si unajua akili inavyojitafutia pa kuegemea. Na unga je? Miaka ile ambayo kilo ya unga unaipangia foleni tangu usiku, ni nani wa kuumwaga usoni? Lakini kicheko kilikuwa kingi, na wazo lile likapita.

Akatoka uani. Tukamsikia anafunua sufuria la uji wa wafiwa, anaonja, anauliza kwa sauti kama huo ni uji au maji ya kunawia. Tukasikia kinu kidogo kinatwangwa. Harufu ya pilipili manga ikaingia mpaka ndani. Akarudi na kikombe cha bati kinachofuka moshi, na safari hii hakumsukuma mtu. Walimpisha wenyewe.

Akaketi chini nyuma ya mgongo wa mama. Vicheko vilikuwa bado vinaendelea huku na huko. Akasema, bila kupaza sauti, "Zuhura, nimekubeba mgongoni kutoka Liwale mpaka hapa. Sikukubeba ili uje unifie ukutani."

Hapo hakuna aliyecheka. Mama akageuka. Taratibu, kwa shida, ameshika tumbo. Akamtazama yule mwanamke uso kwa uso, wamekaribiana hivi, wewe na mimi tunavyokaribiana. Halafu akacheka. Kicheko kidogo kilichokwama, na katikati ya kicheko kilio kikatoka, kile kilio tulichokisubiri siku mbili, mpaka wanaume barazani wakasimama. Yule mwanamke hakumbembeleza. Alimwacha alie, akampulizia uji, akamwekea kikombe mdomoni. Mama akanywa. Akanywa tena. Uji mwingine ulimwagika kwenye ile kanga nyekundu, pale gotini, na yule mwanamke akampangusa mama mdomo kwa mgongo wa kidole gumba. Kikombe kikaisha chote.

Bi Mwanaidi akaninong'oneza nikamchukue kuku. Mtani akimaliza kazi anapewa chake, ndiyo mila, na sisi tulikuwa tumemfunga jike mmoja mweusi kwa ajili hiyo. Nikatoka mbio kwa mlango wa mbele, nikamfungua kuku, nikarudi ndani. Nikakutana na yule mwanamke kwenye ukumbi, katikati ya vyumba, anaelekea uani, kikombe mkononi. Mimi na yeye tu. Nikamwambia shikamoo mtani, kuku wako huyu hapa. Akasimama. Nilisikia harufu ya moshi wa kuni na pilipili manga, na nikaona macho ndani ya ule weupe. Macho hayakuwa yanatania.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema. "Huyo mpe mwenyewe. Anakuja kesho."

Mimi, kwa ujinga, nikacheka. Nikaona ndio utani wenyewe, kukataa zawadi ili nimbembeleze. Akapita, akaingia uani, na mimi nyuma yake. Hatua zangu hazikuwa nyingi. Nilipotokeza uani hapakuwa na mtu. Hakuna. Nikaangalia jikoni, nikaangalia chooni, nikaangalia nyuma ya pipa la maji. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa komeo kutoka ndani, komeo lile zito linalolia kama mtu anakanyagwa, na halikuwa limelia. Kikombe kilikuwa kimesuuzwa na kufunikwa mahali pake. Nikabaki nimesimama na kuku, kuku naye kimya.

Nilirudi ndani nikasema mtani ameshaondoka. Ningesemaje? Mama alikuwa ameomba uji tena.

Siku ya tatu asubuhi, tunajiandaa na khitma, tukasikia mayowe tangu kona ya mtaa. Mwanamke anamtukana Mngindo aliyekufa bila kumwomba ruhusa. Mama Agatha, na vumbi la Ruvu lote mwilini, kashuka basi la kwanza. Ameingia anadai kanga za marehemu na majivu, aanze kazi. Wanawake wakatazamana. Bi Mwanaidi akamwambia asitufanye watoto, kazi si ameshaifanya jana. Mama Agatha akadhani tunamrudishia utani, akaongeza matusi, eti tumempa nafasi yake Mngoni gani, amtaje, akamtoe meno. Wakamweleza. Kanga nyekundu, unga usoni, bega. Kadiri walivyomweleza ndivyo sauti yake ilivyopungua. Akauliza mara moja tu, je, alisoma? Nikamwambia alisoma.

Swali likawa kanga alipewa na nani. Kila mmoja alikuwa anadhani mwenzake ndiye aliyempa. Nguo za Bibi zote zilikuwa ndani ya sanduku lake, zikisubiri arobaini zigawiwe, na ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye pindo la kanga ya mama tangu siku ya mazishi. Hakuna aliyemsogelea mama siku zile bila mimi kuona. Mama alifungua fundo, akanipa ufunguo, akaendelea kunywa chai yake.

Nilifungua mwenyewe. Kanga nyekundu zilikuwa chini kabisa, chini ya nguo zote, zimekunjwa kwa ule mkunjo wa Bibi wa pembe kwa pembe. Nikazikunjua mbele ya wote. Pale panapokaa goti palikuwa na doa la uji, na doa lilikuwa bado bichi.

Niamini, nimeona watu wakiogopa. Chumba kile hakikuogopa. Palikuwa kimya tu, kama msikitini kabla ya watu kuinuka. Mama Agatha ndiye aliyeketi chini. Mwanamke yule ambaye sijamkuta hata siku moja amefunga mdomo, aliketi mkekani akalia kama ndugu wa damu. Tulipomwomba angalau atucheze kidogo, maana msiba bila mtani haujatimia, alikataa. "Nimcheze vipi," akasema, "na mwenyewe ameshakuja?"

Nikampa kuku. Nikamweleza nani aliyesema apewe. Alimpokea kwa mikono miwili, akaenda naye Buguruni, na kuku yule hakuchinjwa. Alitaga, akaatamia, akazeeka, akafa kifo chake. Mama Agatha hakuruhusu mtu hata amtishie.

Mwezi uliofuata mama alijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Ni mdogo wangu, Somoe. Ukimwona leo anavyosimamia duka lake pale Mtaa wa Kongo, anavyogombana na wateja na wateja wanarudi, utajua jina halikupotea. Na mama, arobaini ilipopita, alimfunga mtoto mgongoni, akalifunga sufuria gunia, akaenda kukaa palepale pembeni mwa soko. Wachukuzi walipomwona anakuja walimwinukia. Amekaa pale miaka mingi. Mimi ni mtoto wa muuza uji na mjukuu wa muuza uji, na nalisema hilo popote, hata Posta kwenye maofisi.

Kwa miaka yote hiyo mama hakuwahi kulizungumza jambo lile. Tukilianza, anaondoka. Mpaka uzee ulipomlaza kitandani na mimi ndiye ninayemlisha, siku moja nimempulizia uji, nikajikaza nikamuuliza. Mama, siku ile ulijua saa ngapi?

"Tangu aliposema hodi," akanijibu. "Kwani wewe ulidhani ningekula kwa mkono wa Mngoni?"

Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaacha kucheka, akanishika mkono. Akaniambia alipogeuka kutoka ukutani alikuwa amekwisha kuamua kumfuata mama yake kaburini. Alipomtazama usoni, alichokiona chini ya ule unga hakikuwa kifo wala nini. Kilikuwa uchovu. Mama yake alikuwa amechoka, kama alivyokuwa akichoka akirudi sokoni jua kali. Basi akanywa haraka, ili mama yake akapumzike.

Nimekueleza. Ukienda matangani ukamwona mtani anamcheza marehemu vizuri kupita kiasi, cheka naye, ila usimfuate uani kama nilivyofanya mimi, hakuna utakachokipata. Hilo dogo. Kubwa ninalokuonya ni hili. Kama mama yako yupo, au bibi yako, na amekuwekea chakula, kula. Kula hata kama umeshiba, kula hata kama umemkasirikia. Bi Somoe alitoka Liwale kwa miguu akiwa hai, akatoka makaburini akiwa hayupo, kwa ajili ya mtoto mmoja aliyefumba mdomo. Wa kwako usimchoshe hivyo.